Namba za mbele zinahesabu moli: nilivyorisiti Kemia nikiwa Kirumba

Haya ni kwa ajili ya mtu anayejiandaa kurisiti Kemia ya kidato cha nne akiwa kazini au nyumbani, hasa yule ambaye akikutana na swali la "gramu kadhaa za kitu hiki zitatoa gramu ngapi za kile" anahisi karatasi hiyo imetungwa kwa ajili ya watu wengine. Nimepita hapo. Nimetoka na C, na C hiyo ndiyo imenifikisha chuo cha afya ninakosomea maabara. Nimeona fedha na muda vikipotea, vyangu na vya wenzangu, kwa mada moja ambayo ikishakaa vizuri kichwani inabaki kugawanya, kulinganisha na kuzidisha.

Nilimaliza shule nikiwa na Biolojia nzuri na F ya Kemia. Kwa kozi niliyoitaka, Kemia yenye F haikupeleki popote. Miaka ikapita, nikaolewa, nikapata mtoto, nikawa nashirikiana na mama mdogo huku Kirumba, jijini Mwanza, kupika sabuni ya miche na kuiuza karibu na soko la samaki la Mwaloni. Wanaofungasha dagaa na wanaopaa sangara wanaosha mikono mchana kutwa, kwa hiyo sabuni haikosi mnunuzi. Lakini hamu ya chuo haikuniacha. Mwaka mmoja nikaamua kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kuhusu gharama niseme wazi, kwa sababu wengi hupiga hesabu ya ada ya mtihani peke yake. Kuna ada, ndiyo, na ukichelewa dirisha la kawaida unalipa zaidi, kwa hiyo anza kuulizia kituo mapema mwaka unapoanza, usisubiri mwezi wa sita eti kwa sababu mtihani ni Novemba. Ila kilichokula fedha yangu zaidi ni vitu vidogo: nauli ya daladala, fotokopi za mitihani iliyopita, madaftari, tuisheni, na siku ambazo sikwenda sokoni. Siku isiyo ya soko ni siku isiyo na mauzo, na mama mdogo ndiye aliyebeba pengo hilo. Kama una mtu wa kukubebea, kaa naye chini mkubaliane kabla hujalipa chochote.

Kituo cha kwanza cha tuisheni nilichojiunga, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinafundisha kwa kukaririsha. Ubaoni iliandikwa n = m/M, tukanakili, tukapewa maswali, tukatakiwa kuingiza namba. Aliyebahatika kupata jibu alipata, aliyekosa aliambiwa afanye mazoezi zaidi. Hakuna aliyetuambia hiyo n inahesabu nini. Nilikaa pale kipindi kirefu kuliko nilivyopaswa, kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa. Ukiona wiki zinakwenda na bado huwezi kumweleza mwenzako kwa nini unagawanya, hama. Fedha iliyokwisha kulipwa hairudi kwa kuendelea kukaa.

Nilihamia kwa mwalimu mstaafu anayefundisha barazani kwake huko Nyegezi mwisho wa juma. Wanafunzi wengi ni vijana wa kidato cha tatu na cha nne, mimi nikiwa mtu mzima peke yangu. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza:

"Kemia inakukwamisha wapi, mama?"

"Kwenye moli, mwalimu."

"Haya, nifanyie swali moja hapa mbele yangu, nione unaposimama."

Akanipa swali la magnesiamu kuungua. Niligawanya vizuri, nikafika kwenye mlinganyo, nikaganda. Akaniambia hapo ndipo wanapoganda wengi: kugawanya wanajua, kuzidisha wanajua, ila hawajui mlinganyo umewekwa pale kufanya kazi gani.

Akaanza na trei ya mayai. Trei ina mayai 30. Ukipanga mayai 30 ya kuku na mayai 30 ya kware, idadi ni ile ile, lakini ukiyaweka kwenye mizani yanatofautiana sana. Moli ndiyo hivyo: ni idadi maalumu ya chembe, 6.02 × 10²³. Moli moja ya atomu za magnesiamu ina gramu 24, moli moja ya atomu za alumini ina gramu 27, moli moja ya kaboni ina gramu 12. Idadi haikubadilika hata chembe moja, uzito ndio umebadilika. Kwa hiyo unapogawanya gramu kwa uzito wa moli moja, ile m/M ya ubaoni, unauliza swali moja tu: katika rundo hili nina moli ngapi?

Sasa sikiliza vizuri, maana ndicho ninachotaka ubebe katika andiko hili lote. Zile namba zinazowekwa mbele ya kila kitu kwenye mlinganyo uliosawazishwa zinahesabu moli. Hazihesabu gramu. Chembe zinaungana kwa idadi, kwa hiyo mlinganyo unazungumza lugha ya idadi. Mizani inazungumza gramu. Huwezi kutoka gramu za kitu kimoja kwenda gramu za kingine kwa kutumia zile namba moja kwa moja. Lazima ushuke kwanza kwenye moli, uvuke kwa kutumia mlinganyo, kisha upande tena kwenye gramu upande wa pili.

Nikuonyeshe kwa swali lililotupa shida barazani pale. Gramu 5.4 za alumini zinaungua zote katika oksijeni. Tafuta uzito wa alumini oksaidi inayopatikana.

4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃

Zaidi ya nusu ya darasa waliona 4 huku na 2 kule, wakasema zao, yaani kile kinachopatikana, ni nusu ya alumini, wakaandika gramu 2.7. Mwalimu hakuweka mkasi wa kosa. Aliuliza tu: "Alumini ilikuwa gramu 5.4. Imeongezewa oksijeni juu yake. Imepunguaje?" Baraza zima likanyamaza. Kijana mmoja akasema labda nyingine ilipotea na moshi. Mwalimu akamwambia hakuna kinachopotea: jumla ya uzito wa vilivyoingia ni sawa na jumla ya uzito wa vilivyotoka. Mfaransa Antoine Lavoisier alilionyesha hilo kwa mizani katika karne ya 18, na hadi leo ndilo jembe la kwanza la kukagulia jibu lako.

Tukalifanya kwa kushuka na kupanda. Alumini: 5.4 ÷ 27 = moli 0.2. Mlinganyo unasema kila moli 4 za alumini hutoa moli 2 za oksaidi, yaani nusu, kwa hiyo moli 0.2 zitatoa moli 0.1. Uzito wa moli moja ya Al₂O₃ ni 27 × 2 + 16 × 3 = gramu 102. Basi zao ni 0.1 × 102 = gramu 10.2.

Tukakagua. Oksijeni iliyotumika ni robo tatu ya moli za alumini, moli 0.15, na kila moli ya O₂ ina gramu 32, hivyo ni gramu 4.8. Jumlisha 5.4 na 4.8, unapata 10.2. Imefunga. Tangu siku ile sikuacha swali la namna hii bila kujumlisha pande mbili, kama muda unaruhusu. Ukaguzi huo unachukua chini ya dakika moja na unakamata karibu kila kosa la mada hii.

Angalia pia hiyo 32. Oksijeni ya hewani hutembea atomu mbili mbili, kwa hiyo moli moja ya O₂ ni gramu 32, lakini ndani ya Al₂O₃ tunahesabu atomu moja moja, kila moja 16. Haidrojeni, naitrojeni na klorini nazo zina tabia hiyo hiyo zikiwa gesi peke yake. Nimeona mtu akifanya kila hatua sawasawa, akaharibu kwa kuandika 16 mahali pa 32.

Kuna njia ya pili, na lazima niielezee kwa sababu ndiyo iliyoleta mkanganyiko mkubwa zaidi kwetu sote tuliotoka vituo tofauti. Badala ya kushuka kwenye moli, unachukua uzito wote wa mlinganyo: moli 4 za alumini ni 4 × 27 = gramu 108, moli 2 za oksaidi ni 2 × 102 = gramu 204. Kwa hiyo gramu 108 hutoa gramu 204, gramu 5.4 zitatoa 5.4 × 204 ÷ 108, ambayo ni 10.2. Jibu lile lile. Njia hii ni halali kabisa na baadhi ya walimu wanaipenda kwa kuwa ni fupi.

Balaa linakuja ukiichanganya na ile ya kwanza katikati ya safari. Mtu anaanza kwa moli, anapata moli 0.1 za oksaidi kwa usahihi, kisha anakumbuka kuwa mahali fulani aliwahi kuona 204, anazidisha 0.1 × 204 na kupata 20.4. Ile 2 ya mbele ameitumia mara mbili: mara ya kwanza alipovuka kwenye moli, mara ya pili alipozidisha uzito. Mara mbili tulipoteza jioni nzima tukibishana majibu, kumbe kila mmoja alikuwa na nusu ya njia hii na nusu ya ile. Chagua moja. Mimi nilichagua ya moli, kwa sababu inakubali maswali ya gesi na ya myeyusho bila kubadilisha chochote, na nikaiacha ile nyingine kabisa hadi mtihani ulipoisha. Daftari langu la zamani nililonakili njia zote mbili kwa kuchanganya nikaliweka kando.

Kuhusu kusawazisha mlinganyo sitakaa sana, maana mazoezi yanatosha. Jambo moja tu: usiguse zile namba ndogo za chini. Ukibadilisha H₂O ikawa H₂O₂ ili oksijeni ziwe sawa, umetoka kwenye maji ukaingia kwenye kitu kingine kabisa, na hesabu yote inayofuata ni ya kitu hicho kingine. Unaruhusiwa kuweka namba mbele tu. Na mlinganyo ambao haujasawazishwa usiufanyie hesabu hata kama unaonekana mfupi na mtamu.

Kilichonisaidia kuliko vyote, hata kuliko baraza la mwalimu, kilikuwa beseni letu la sabuni.

Sisi tunapika kwa mawese yanayotoka Kigoma. Mama mdogo alijifunza kwa macho: kostiki anaipima kwa kikombe, na kikijaa anaongeza kiganja kidogo "cha uhakika". Kuna sabuni zilitoka laini kama mkate mzuri, na kuna zilizobabua vidole vya wateja hadi wakarudisha. Nilipoanza kuelewa moli nikamuuliza:

"Mama mdogo, kilo moja ya mawese huwa unaipa kostiki kiasi gani?"

"Kikombe na kidogo. Kwani kitabu chako kinasemaje, mwanangu?"

Nikakaa na kalamu. Mafuta yanapokutana na kostiki, ambayo ni sodiamu haidroksaidi, moli moja ya mafuta humeza moli 3 za kostiki na kutoa moli 3 za sabuni pamoja na moli 1 ya gliserini. Kwa mfano nilichukua aina moja ya mafuta iliyomo kwa wingi kwenye mawese, tripalmitini:

C₅₁H₉₈O₆ + 3NaOH → 3C₁₅H₃₁COONa + C₃H₅(OH)₃

Uzito wa moli moja ya mafuta hayo ni gramu 806, ya kostiki 40, ya sabuni 278, ya gliserini 92. Nikajiwekea swali: gramu 60 za kostiki zitatoa sabuni kiasi gani? Moli za kostiki ni 60 ÷ 40 = 1.5. Mlinganyo una 3 kwa 3, kwa hiyo sabuni nayo ni moli 1.5, sawa na gramu 417. Mafuta yanayohitajika ni theluthi, moli 0.5, gramu 403. Gliserini moli 0.5, gramu 46. Nikajumlisha: 403 na 60 ni 463, 417 na 46 ni 463. Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni usiku, mtoto amelala, nikahisi furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani. Molekuli ndefu vile, zenye atomu zaidi ya mia moja na hamsini, zilifuata hatua zile zile za alumini.

Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya tripalmitini tupu ingehitaji karibu gramu 149 za kostiki. Lakini mawese ya dumu si tripalmitini tupu. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine yenye molekuli nzito zaidi, na ndiyo maana watengeneza sabuni hukadiria takribani gramu 141 kwa kilo moja ya mawese. Na hata hapo hawaweki zote: wanapunguza kama asilimia tano, inakuwa karibu gramu 134, ili kostiki iishe kwanza na mafuta kidogo yabaki kwenye sabuni kulinda ngozi.

Hapo nikaelewa mada nyingine bila kufundishwa: kitendanishi, yaani kitu kinachoingia kwenye mlinganyo, kinachoisha kwanza. Zao linaamuliwa na kile kinachoisha kwanza, si kile kilicho kingi. Kiganja cha uhakika cha mama mdogo hakikuongeza sabuni hata gramu moja mafuta yalipokuwa yamekwisha. Kostiki ilibaki pale, inasubiri ngozi ya mtu. Mtihani huuliza jambo hilo hilo kwa namba. Gramu 8 za haidrojeni zikikutana na gramu 32 za oksijeni, maji ni kiasi gani? Haidrojeni ni moli 4, oksijeni ni moli 1. Mlinganyo 2H₂ + O₂ → 2H₂O unataka moli 2 za haidrojeni kwa moli 1 ya oksijeni. Oksijeni itaisha kwanza, maji yatakuwa moli 2, gramu 36, na gramu 4 za haidrojeni zitabaki bila mwenzake. Jumla bado ni 40. Ukiona swali limekupa uzito wa vitu viwili vinavyoingia, simama. Limekupa vyote viwili kwa makusudi.

Tukanunua mizani ndogo ya dijitali. Mama mdogo alisita, akaona ni anasa, hadi tulipopima kikombe chake mara kadhaa tukaona kila mara kinatoa uzito tofauti, kutegemea vipande vya kostiki ni vikubwa au vidogo na pakiti imefunguliwa lini. Kostiki inanyonya unyevu wa hewa. Pakiti iliyoachwa wazi huku kwetu karibu na ziwa inaanza kutota na kushikana. Ukiipima ikiwa hivyo, sehemu ya gramu unazosoma ni maji. Tangu hapo tunafunga kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana.

Kama utataka kujifunzia kwenye sabuni kama mimi, chukua tahadhari hizi kwa uzito. Vaa glovu na kinga ya macho. Mimina kostiki kwenye maji, taratibu, usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu mchanganyiko huo unapata joto kali wenyewe bila moto na unaweza kuruka. Fanyia nje au mahali penye upepo, mvuke wake unakaba koo. Mtoto asiwe karibu. Na usitumie sufuria ya alumini: kostiki inaila, inatoa mapovu ya haidrojeni, gesi inayoshika moto. Mlinganyo wake ni 2Al + 2NaOH + 6H₂O → 2NaAl(OH)₄ + 3H₂. Gramu 54 za sufuria hutoa gramu 6 za gesi hiyo. Tumia plastiki ngumu au chuma cha pua.

Sabuni ikishakauka tulipima. Haikuwa uzito wa kwenye daftari, ilikuwa zaidi. Nilihangaika nalo siku kadhaa kabla ya mwalimu kuniuliza kama nilihesabu maji niliyoyeyushia kostiki na gliserini iliyobaki humo humo ndani ya mche. Mlinganyo unakupa uzito wa zao tupu, na pale tu mmenyuko unapofika mwisho. Mizani inakupa kila kilichomo. Kwenye maabara nyingi mambo huwa kinyume, unapata pungufu, kwa sababu kingine kinabaki kwenye chombo au hakijamenyuka. Ndiyo maana kuna maswali ya asilimia ya zao: ulichopata ukigawanya kwa ulichotarajia, mara mia.

Si kila wiki ilikuwa na furaha. Kulikuwa na jioni nilirudi kutoka Mwaloni nikinuka dagaa, umeme umekatika, na daftari nikalitazama tu. Kukaa darasani na watoto wanaokuita mama na wanaokuzidi kasi kunauma, hilo sitalificha. Kuna kipindi nilimwambia mume wangu naacha, akasema sawa, halafu Jumamosi akanipa nauli kama kawaida bila kusema neno. Nilikwenda. Vijana wale nao waligeuka kuwa msaada mkubwa: binti mmoja alikuwa mwepesi wa kusawazisha milinganyo, mimi nikamfundisha kukagua uzito, tukawa tunafanya mitihani iliyopita pamoja na kusahihishana. Tafuta mtu wa kukusahihisha. Ukijisahihisha peke yako macho yanaona ulichokusudia kuandika.

Lugha nayo. Mtihani ni wa Kiingereza. Mimi nilikuwa naelewa kwanza kwa Kiswahili, nachora safari ya gramu, moli, moli, gramu, ndipo naandika hatua kwa Kiingereza kifupi. Usione aibu kufikiri kwa Kiswahili. Ila usiishie hapo. Fanya maswali yenyewe kama yalivyochapwa, mengi, hadi maneno yao yasikushtue.

Kwenye chumba cha mtihani, ukurasa wa mwanzo wa karatasi ya Kemia huwa na orodha ya uzito wa atomu na namba nyingine za kutumia, ikiwemo 22.4 dm³ kwa moli moja ya gesi katika hali sanifu ya joto na kanieneo. Tumia hizo hizo walizokupa, hata kama kichwani una namba yenye desimali nyingi zaidi. Andika mlinganyo uliosawazishwa hata kama hujaombwa, andika kila hatua kwenye mstari wake, na andika kizio kila mahali. Jibu tupu lisilo na njia likikosewa halimwachii msahihishaji kitu cha kukupa maksi. Na soma kama uzito umetolewa kwa gramu au kilo kabla hujagusa kikokotoo.

Swali ambalo wenzangu wengi walilikimbia ni lile la kitu kisicho safi, kwa hiyo nilifanye hapa. Gramu 50 za mawe ya chokaa yenye usafi wa asilimia 80 zinachomwa hadi mwisho. Chokaa inayopatikana ni kiasi gani? CaCO₃ → CaO + CO₂. Kabla ya moli ondoa uchafu: asilimia 80 ya 50 ni gramu 40, hizo ndizo zinazoingia kwenye mlinganyo. Moli moja ya CaCO₃ ni gramu 100, kwa hiyo tuna moli 0.4. Uwiano ni moja kwa moja, CaO ni moli 0.4, na kila moli ina gramu 56, jibu ni gramu 22.4. Usiichanganye na ile 22.4 ya gesi, hapa zimegongana kwa bahati tu. Hii ni gramu za chokaa. Kama swali litaendelea na kutaka ujazo wa kaboni dayoksaidi katika hali sanifu, ndipo unazidisha moli 0.4 kwa 22.4 na kupata 8.96 dm³. Kama litataka uzito wa gesi hiyo, ni 0.4 × 44, gramu 17.6, na ukiijumlisha na 22.4 ya chokaa unarudi kwenye zile gramu 40.